Vidole vya Mzee Lubinza kwenye Picha ya Jino

Picha ya tatu niliyopiga kwa mashine yangu ya eksirei ilionyesha mizizi mitatu ya jino la mbwa na, pembeni yake, mifupa ya vidole viwili vya Mzee Lubinza. Vidole vilionekana vizuri kuliko mizizi. Niliifurahia sana picha ile. Niliibandika kwenye kioo cha dirisha la kliniki, upande unaopata jua la asubuhi, ikakaa pale karibu wiki nzima, na kila aliyeingia nilimwonyesha: hili ndilo jino, hivi ndivyo vidole vya mzee. Watu walicheka. Mzee mwenyewe alisogea, akainua mkono wake akaulinganisha na picha, akasema, "Kumbe bado vyote vipo."

Ninaandika haya kwa ajili ya madaktari wa mifugo wanaoanza kazi sasa, wenye mashine nyepesi za kubeba mkononi na picha inayotokea kwenye kompyuta kabla mbwa hajageuza kichwa. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi na havitamsaidia mtu. Nataka kueleza jinsi mashine moja ilivyochaguliwa. Mimi ndiye niliyeichagua, na hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mzee Lubinza nilimkuta Misungwi, siku yangu ya kwanza kazini. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, na serikali ilikuwa imenipeleka kusimamia josho, lile birika refu la dawa ambamo ng'ombe hupitishwa kuua kupe. Nilikuwa na mabuti mapya na sikujua neno la Kisukuma zaidi ya salamu. Wafugaji walikuwa wamekusanya ng'ombe tangu alfajiri. Mmoja wao akanipokea vizuri, akanishushia sanduku la dawa kwenye gari, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Sasa mama, daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?"

Kabla sijajibu, mtu mmoja mrefu aliyesimama ukingoni mwa josho, suruali imelowa hadi magotini, alisema bila kugeuka, "Ndiye huyo. Mabuti bado masafi, lakini ndiye."

Huyo alikuwa Lubinza, msaidizi wa mifugo, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na tangu siku hiyo mpaka tulipoachana kazini mwanzo wa kila asubuhi ulikuwa huo, hata siku ambazo hatukusema kitu kingine cha maana. Ndiye aliyenifundisha kusoma umri wa ng'ombe kwa meno. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kufungua mdomo na kutazama. Yeye alinicheka.

"Usitazame. Tia kidole."

"Ataniuma, Mzee."

"Nyie wa Bukoba mmezoea ndizi, haziumi. Tia. Unasikia hapo? Limesagika. Mwenyewe anasema ana miaka mitano, huyu ana tisa."

Jambo la pili alilonifundisha hakulisema kwa maneno; nililiona. Kwa wafugaji wa kule, mnyama anayetibiwa lazima awe na mkono wa mtu kichwani. Ukimfunga kamba, ukamlaza chini na kumwacha hivyo, umemdharau yeye na mwenye mnyama. Lubinza alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alishika pua na taya, akanong'ona kitu, na dume la kilo mia nne likasimama kama limepigiliwa msumari. Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye ngozi ngumu kama kandambili. Nilipomwona akimshikia mtu mnyama wake sikuwahi kuwa na wasiwasi, na hili nalitaja kwa sababu kutokuwa na wasiwasi ndiko kulikonifikisha nilikofika.

Katika miaka ya tisini tukaambiwa huduma za mifugo sasa ni za watu binafsi. Mimi nilipunguzwa kazi, na yeye akapunguzwa mwezi uleule. Nikakodi chumba cha mbele cha nyumba moja mjini, mtaa wa Mabatini, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na fundi cherehani, nikaandika kwenye ubao "Kliniki ya Mifugo". Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda changu. Lubinza akaja na begi moja, akapanga chumba jirani. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wametawanyika, wengine wameenda kusini mwa Afrika kutafuta maisha. Mkoani walikuwapo madaktari wachache, lakini kila mmoja alikuwa amejifungia na wateja wake. Zamani tulikuwa tukikutana ofisini, tunabishana juu ya ugonjwa wa ng'ombe mmoja mpaka chai inapoa. Sasa nilikuwa nabishana na vitabu.

Nilitarajia ng'ombe. Waliokuja zaidi ni mbwa. Viwanda vya samaki vilikuwa vimeota kando ya ziwa, kampuni za ulinzi zikafuata, na kila geti jipya lilikuwa na mbwa wawili waliokula vichwa vya sangara na kutafuna minyororo waliyofungiwa. Meno yao yalivunjika. Jino kubwa la juu likivunjika na kuoza, usaha hupanda hadi chini ya jicho, uso ukavimba, na mwenye mbwa husema amepigwa jiwe.

Mbwa aliyenifanya nitafute mashine aliitwa Kamanda. Mlinzi wake, kijana mmoja wa kampuni ya ulinzi jina lake Mashaka, alimleta akiwa na uvimbe chini ya jicho la kushoto. Nilitazama mdomoni, nikaona jino lenye ufa, nikaling'oa baada ya kuhangaika muda mrefu. Uvimbe ukapungua siku chache, ukarudi mkubwa zaidi. Nikafungua tena. Jino nililong'oa lilikuwa zima hadi mizizini. Ufa ulikuwa wa juu tu. Bovu lilikuwa la jirani yake, jeupe na zuri kwa nje, limeoza chini ya ufizi ambako macho yangu hayafiki. Mashaka alinitazama nikilitoa la pili.

"Daktari, sasa huyu atamkamata mwizi na nini?"

"Ana mengine."

"Haya. Ila ukimaliza hayo, uniambie mapema, nianze kubweka mwenyewe."

Lubinza, aliyekuwa ameshika kichwa cha Kamanda, alicheka hadi mbwa akatikisika. Mimi sikucheka. Usiku wa siku ile sikupata usingizi, na kulipokucha nilianza kuuliza habari za mashine ya eksirei.

Zilikuwapo tatu ambazo ningeweza kuzipata, na zote nilizikagua kwa utaratibu, nikiwa na daftari na futi ya fundi cherehani.

Ya kwanza ilikuwa ya hospitali ya misheni ng'ambo ya ziwa. Nilivuka kwa kivuko hadi Busisi, nikaendelea kwa lori la pamba. Ilikuwa mashine ya kupiga vifua vya watu, kubwa kama kabati la sakristia, na ilitaka umeme wa njia tatu ambao Mabatini tuliusikia tu. Mtawa aliyeitunza alinipigia picha ya fuvu la mbuzi nililokwenda nalo kwenye mfuko. Meno ya kulia yalilala juu ya ya kushoto, huwezi kujua lipi ni lipi. Kwa meno unahitaji filamu ndogo inayoingia mdomoni, nyuma ya jino lenyewe, na kichwa cha mashine kinachogeuka kila upande. Nilimshukuru, nikaondoka na fuvu langu.

Ya pili ilikuwa mpya, kwenye kijitabu cha picha kutoka kwa muuzaji wa Nairobi. Nyepesi, inasimama kwenye miguu mitatu, inatumia umeme wa kawaida, na waya wa kitufe chake ni mrefu kiasi kwamba mpigaji anasimama nje ya chumba. Nilimpigia simu muuzaji kutoka posta. Nikamuuliza ikiharibika nani ataitengeneza. Akasema haiharibiki. Nikamuuliza nani atanifundisha kuitumia kwa mbwa. Akasema maelekezo yamo ndani ya boksi.

Ya tatu ilikuwa ya Daktari Hemedi, daktari wa meno ya watu hapo mjini. Biashara ya kuagiza vitu nje ilikuwa imefunguliwa, naye alikuwa ameagiza mpya. Ile ya zamani, ya kufungwa ukutani, alitaka kuiondoa. Ilikuwa na kasoro mbili, nami niliziandika zote mbili. Mkono wake ulikuwa umechoka: ukiuelekeza mahali, unashuka wenyewe polepole, lazima mtu aushikilie. Na waya wa kitufe ulikuwa mfupi, hatua mbili hivi. Lakini Hemedi alikuwa mcheshi, alipenda kazi yake, na alinionyesha kila kitu kwa subira.

"Mgonjwa wako anatulia?" aliniuliza.

"Nikimchoma dawa anatulia kiasi."

"Wangu hawatulii hata kiasi, na wanaongea."

"Filamu inakaaje mdomoni?"

"Anaishika mwenyewe. Namwambia weka kidole gumba hapa, bonyeza, usipumue."

"Mbwa hana kidole gumba."

"Basi tafuta mtu mwenye nacho."

Tulicheka wote wawili. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mgonjwa wa Hemedi anaweza kushika filamu mara moja au mbili maishani mwake, kisha anakwenda zake. Mtu nitakayemtafuta mimi atashika kwa kila mbwa atakayeingia. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la pili, na mimi sikuifanya.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini niliichagua ya tatu. Kwenye daftari niliandika: filamu zake zinapatikana mjini, fundi wake yupo. Ni kweli. Ila sababu ya kweli zaidi sikuiandika. Ile ya Nairobi ilikuwa bora kwa kila kipimo, lakini ilikuja peke yake kwenye boksi. Ya Hemedi ilikuja na Hemedi. Nilichagua mashine yenye mtu wa kumuuliza. Miezi saba baadaye alifunga kliniki yake akahamia Dar es Salaam.

Kupiga picha ya jino la juu la mbwa ni kazi ya pembe. Paa la mdomo wake ni bapa, kwa hiyo filamu hailali sambamba na jino. Ukielekeza mashine kwenye jino, picha inarefuka. Ukiielekeza kwenye filamu, mizizi inafupika kama mtu aliyekanyagwa. Unalenga katikati. Picha mbili za kwanza niliziharibu. Ya tatu Lubinza alisema, "Ngoja," akaingiza vidole viwili vya mkono wa kulia, akaikandamiza filamu nyuma ya jino, na kwa mkono wa pili akashikilia kichwa cha mashine kisishuke. Nami nikasimama hatua mbili nyuma nikabonyeza.

Msidhani tulikuwa wajinga kabisa. Tulivaa aproni nzito zenye madini ya risasi ndani, ya kuzuia mionzi. Tulikuwa na vibeji vya kupima mionzi, vikipelekwa kusomwa na kurudi na majibu kwamba tuko salama. Kibeji cha Lubinza kilikaa kifuani, nyuma ya aproni. Vidole vyake vilikuwa mbele ya mashine. Glavu za risasi nilimpa. Akazijaribu, hazikuingia mdomoni mwa mbwa, akazirudisha msumarini, na mimi nilimwona akizirudisha.

Hemedi alipoondoka sikuwa tena na mtu wa kumwonyesha picha. Nilikuwa nazisoma mwenyewe dirishani, nikisema kwa sauti kama vile kuna mtu: hapa mfupa umeliwa, hapa sina hakika. Lubinza alikuwa akifagia, akiitikia "ee" kila nilipotua. Nilianza kuzituma kwa posta kwa mwalimu wangu wa zamani wa chuoni. Aliyajibu maswali yangu moja baada ya jingine, kwa mwandiko mdogo, na bahasha zake nilizingoja kuliko kitu kingine chochote katika juma. Nilimchagulia picha safi tu, zisizo na vidole, ili aone nimekuwa hodari. Ndivyo nilivyomficha jambo ambalo angeligundua siku ya kwanza.

Ilipita kama miaka mitatu. Mbwa mmoja alikuwa na ugonjwa wa taya ambao sikuuelewa, na picha pekee nzuri ilikuwa na vidole. Nikaituma. Majibu yalirudi yakiwa mafupi kuliko kawaida. Aliandika kuhusu taya mistari miwili. Chini yake: "Vidole hivi ni vya nani?"

Nilisoma nikiwa nimesimama posta, nikaketi ngazini.

Kifaa cha kushikia filamu nilikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha mti chenye mfereji, na bandeji ya kukikazia. Mkono wa mashine niliuwekea kigingi. Dawa ya usingizi nikaiongeza ili mbwa alale kabisa. Kazi yote hiyo ilichukua mchana mmoja. Kisha nikamwambia Lubinza kwamba nikibonyeza kitufe, yeye atakuwa nje ya mlango.

"Na mbwa?"

"Atakuwa amelala, Mzee."

"Peke yake na hilo lichuma?"

"Ni sekunde moja."

"Miaka yote sijamwachia mnyama kichwa, mwanangu. Leo nimekosa nini?"

Nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake mbele na nyuma, akasema haimuumi. Alitoka nje kama nilivyomwambia. Siku hiyo, na siku zilizofuata, alisimama mlangoni akiwa ameipa kliniki mgongo. Mwaka haukuisha, akasema magoti yamechoka, akarudi kwao Misungwi. Sikuajiri mwingine. Mbwa wadogo niliwapandisha mezani mwenyewe. Wakubwa, nilimwita mwenye duka la vipuri atusaidie kuinua. Asubuhi nilikuwa nafungua mlango na shikamoo imenikaa mdomoni, hakuna wa kumpa.

Nilimtembelea kila nilipopata safari ya upande ule. Miaka kadhaa baadaye nikamkuta amefunga kitambaa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alisema amejikata na panga. Safari iliyofuata kitambaa kilikuwa bado kipo. Nikakifungua. Kidonda kilikuwa kikavu pembezoni na kibichi katikati, na kucha ya kidole cha pili ilikuwa imepasuka kwa urefu, nyeusi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Nikampeleka hospitali kubwa mjini pamoja na binti yake Kabula, mwalimu wa shule ya msingi.

Daktari wa ngozi alimuuliza kazi zote alizofanya tangu ujana. Lubinza akaeleza. Kumbe kabla sijaanza kazi, kabla dawa za josho hazijabadilishwa, walikuwa wakikoroga dawa ya aseniki, na yeye alikuwa akiikoroga kwa fimbo na kuupima ukali wake kwa kuchovya vidole, vya mkono wa kulia, miaka hiyo yote. Daktari akaacha kuandika. Akasema sumu ile inaweza kufanya hivi. Mionzi nayo inaweza kufanya hivi. Kwa kutazama, na hata kwa kipande cha ngozi alichokata kupima, hawezi kuapa ni ipi. Ugonjwa wenyewe hakuwa na shaka nao: saratani ya ngozi.

Kisha akanigeukia mimi. "Alishika mara ngapi?"

Nikamgeukia Lubinza. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mimi nilikuwa nashika mnyama," alisema. "Sikuwa nahesabu."

Walimkata kidole cha shahada. Cha pili walikiacha wakikiangalia. Aliishi miaka mingine, akafa kwa ugonjwa wa moyo, ambao hauhusiani na mimi wala na josho. Kwenye msiba Kabula alinikalisha pembeni, nyuma ya jiko, akanishika mkono. Hakuwa na hasira. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Mama daktari, wewe ndiye msomi wetu. Baba hakutaka tukuulize akiwa hai, alisema tutakuumiza. Ni josho, au ni ile mashine?"

Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunishika mkono, akingoja kama vile kuna sentensi nyingine inakuja.

Nilipostaafu nilichukua daftari la eksirei nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Ni daftari zuri, wakaguzi walilisifu. Lina siku, jina la mwenye mnyama, jina la mbwa, jino, pembe, sekunde, na nilichokiona. Hakuna safu ya aliyeshika filamu. Mara nyingi alikuwa yeye. Mara chache nilishika mimi, siku alizokwenda kwao. Siku nyingine dawa ilikolea, mbwa akalala fofofo, tukaiacha filamu ikakaa bila mtu. Nimejaribu kuzikumbuka siku hizo moja moja, nikiweka alama kwa penseli pembeni: L, mimi, hakuna. Kurasa nyingi bado hazina alama.